Kuni Alizochagua Mama Mkwe

Vita vile vilinigharimu nyumba, ng'ombe watatu na mama mkwe. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili hesabu imeniharibikia kwa huyo wa mwisho.

Asubuhi ya siku ile nilikuwa sokoni Nyansiongo nikiuza kuni, nabishana na mama mwenye hoteli.

"Kuni zako zinatoa povu jikoni," alisema.

"Hiyo sabuni ya bure, mama. Fulia leso."

"Wewe! Hata unajua huu ni mti gani?"

"Ni mti wa bei nzuri."

Alicheka, akaongeza kidogo, nikapunguza kidogo, tukaelewana. Ukweli ni kwamba sikujua. Nilinunua miti ikiwa imesimama, nikaiuza ikiwa imepasuliwa. Nilipima kwa kamba, majina sikuyahitaji.

Saa nane mchana moshi ukaanza kupanda upande wa mpakani. Maneno ya kura yalikuwa yamechemka kwa siku kadhaa. Vijana wa kwetu walikuwa wamechoma nyumba ng'ambo ya mpaka, na sasa ng'ambo walikuja kuchoma kwetu. Baadhi yao walikuwa wateja wangu.

Tulijificha ndani ya josho kuukuu lililoachwa na walowezi. Tulikuwa wanne: mimi, mke wangu Nyaboke, binti yetu wa siku tatu, na mama mkwe aliyekuja kumwangalia mzazi. Nikahesabu tena. Wanne.

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawaulizani ovyo. Wakati wote aliokaa kwangu alilala jikoni, mbali na chumba chetu. Sasa tulikuwa kwenye mtaro wa saruji wenye upana wa ng'ombe mmoja. Yeye alikaa ameelekea ukuta.

Kulipokucha, midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi kwa baridi. Alikuwa ameacha kulia. Bila moto angekufa. Moshi nao ungewaonyesha wavamizi wenye mishale, waliokuwa kilimani, mahali tulipojificha.

Nilitambaa vichakani, nikarudi na mzigo. Sikuweza kumpa mkononi, kwa hiyo nikauweka chini kati yetu. Bila kugeuka, mama mkwe alikwaruza kila gome kwa ukucha, akanusa, akauma, akapima uzito.

"Mkaratusi. Mbichi. Utatuitia wageni."

Akatupa.

"Msindano. Huu una midomo, utapasuka kwa kelele."

Akatupa.

Vijiti vilikuwa ishirini na vitatu. Alibakisha viwili.

"Huu ndio," alisema.

Akawasha moto wa ukubwa wa kiganja. Nilitazama juu nikingoja moshi utuue. Sikuona kitu, ila hewa ikitetemeka juu ya saruji. Miaka yote ya kuuza kuni, sikuwahi kuona kuni. Nilitamani kumuuliza jina la mti ule. Heshima ikanifunga mdomo.

Mtoto akalia. Kisha akanyonya.

Kufikia saa sita kuni ziliisha. Mama mkwe akasimama.

"Niende mimi, mama."

"Wewe utaleta mkaratusi."

Akapanda ngazi za josho.

Tulisikia mbwa.

Kisha sauti za wanaume.

Kisha kimya.

Lori la askari lilipopita jioni, nilitoka. Alikuwa hatua arobaini kutoka kwetu, mshale mgongoni. Mzigo ulikuwa bado umefungwa vizuri kwa ganda la mgomba. Vijiti kumi na kimoja. Nikavihesabu tena. Vyote vya mti mmoja.

Nilimbeba. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumgusa.

Zile kuni tuliziwasha zote, kwa sababu mtoto alikuwa bado anatetemeka. Kimoja nilikiuma kwanza kama nilivyomwona akifanya. Kilikuwa kichungu. Hakikubaki hata kipande.

Binti yetu sasa ni mrefu kuliko mama yake. Anataka kupanda mti ule kwenye kaburi la nyanya yake, kule kwao Marani. Nimeuliza wauza miche kutoka Nyansiongo hadi Kenyenya. Nimepewa majina saba, na kila muuzaji anaapa kwamba ni ule mche alio nao.

Gome lake ni la kijivu. Ni mzito kuliko unavyoonekana, mchungu ukiuuma, na ukikauka hautoi moshi. Wewe unayesoma, kama unaujua, niambie jina lake. Bei sitabishana.