Kitenge cha Mahafali ya Urban

Walburga alipokea kitenge kikiwa kimefungwa ndani ya kanga kuukuu, na papo hapo akajua hatakivaa.

"Sare ya ukoo," dada yake Evaline alisema. "Mpelekee fundi mapema. Hicho kiuno chako siku hizi kinataka mita za ziada."

Evaline alikuwa ametoka Peramiho. Nguruwe alikwisha kuchaguliwa, padre ameombwa, mahindi ya komoni, pombe ya sherehe, yako karibu kulowekwa. Mwanawe Urban alikuwa anahitimu ualimu, katika chuo kilekile cha Songea ambako Walburga alitunza kumbukumbu za wanafunzi.

Ila Urban hakuwa anahitimu. Aliachishwa masomo mwaka uliopita, na aliyefunga jalada lake ni Walburga, mama yake mdogo.

Kazini, wazazi walikuja dirishani kila juma kuulizia matokeo. Jibu lake lilikuwa moja: "Mwanao ni mtu mzima. Muulize mwenyewe." Hakulisema kwa kuogopa wakubwa tu. Zamani karani mwenzake alimwonyesha baba mmoja matokeo ya bintiye, na binti akapigwa palepale ukumbini, mbele ya wenzake. Walburga alisikia vile vibao. Alikuwa bado anavisikia.

Alimfuata Urban kwenye chumba chake cha kupanga, Mjimwema.

"Mama mdogo, nipe mpaka Jumapili."

"Jumapili ipi? Nguruwe naye ana Jumapili yake."

"Nikimwambia atakufa."

"Hafi. Alimzika baba yako, akarudi kupalilia."

"Basi mwambie wewe."

"Mimi kazi imenifunga mdomo. Wewe umefungwa na nini?"

Urban aliinama, akaanza kufuta viatu ambavyo havikuwa na vumbi.

Jumapili ilipita, na nyingine ikapita. Kila jioni Walburga alikichukua kitenge ampelekee fundi, akafika mlangoni, akakirudisha kitini. Kukiacha kikatwe kulikuwa kusema uongo kwa mkasi. Kukirudisha Peramiho kulikuwa kusema kila kitu. Akaanza kula akiwa amekipa mgongo.

Kisha Evaline akaja tena, safari hii kuliona gauni. Aliona mzigo kitini, na fundo la kanga likiwa lilelile alilolifunga kwa mkono wake.

"Fundi anaumwa?"

"Hapana."

"Cherehani za Songea nzima zimeharibika?"

Walburga aliusogeza mzigo ukingoni mwa kiti, akaurudisha. Evaline alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka.

"Walburga. Mwanangu anahitimu au hahitimu?"

"Dada, Urban ni mtu mzima." Aliisikia sauti yake ya dirishani ikitoka humu, nyumbani, mbele ya mtu aliyembeba mgongoni alipokuwa mchanga. "Muulize mwenyewe."

Evaline alikaa. Alilipapasa fundo bila kulifungua.

"Jana nimeloweka mahindi," alisema. "Nilikupigia simu nikiyaloweka. Ukaniuliza kama yatatosha."

Alijitwika mzigo, akashika njia ya Mjimwema, akitembea haraka kuliko umri wake.

Walburga alibaki kizingitini. Urban angesema amemsaliti kwa kunyamaza vibaya, hadi siri ikajionyesha. Dada yake, kwa kunyamaza. Alitaka kukimbia amtangulie, au arudi ndani aketi. Alikuwa bado amesimama hapo taa za majirani zilipoanza kuwaka.