Viazi vya Bibi, Uani Ilala

Nikikuta kiazi kimechipua jikoni kwangu, hukitazama kwa jicho la pembeni. Usinicheke kwanza, rafiki yangu. Ungekulia kwenye nyumba yetu ya Ilala, nawe ungekuwa hivi hivi.

Ilikuwa nyumba ya Kiswahili, vyumba huku na huku, na nyuma ua mmoja wa wapangaji wote. Nililelewa na bibi katika chumba cha nyuma. Chumba cha mbele alikaa mama mmoja wa Kusini, muuza maandazi, shoga wa bibi wa kufa na kuzikana. Andazi la kwanza kuiva asubuhi lilikuwa langu, nalila bado nina tongotongo.

Mwaka mmoja bibi alirudi kutoka sokoni Kariakoo na viazi mviringo vilivyochipua. Badala ya kuvimenya, akasema atavipanda. Maisha yake yote alikuwa amelima mihogo na bamia, kiazi hakukijua shambani, ila bibi hakuwa mtu wa kuuliza. Akavikata vipande, akavifukia kwenye viroba vilivyojazwa udongo, akavipanga kando ya ukuta wa bafu. Mama wa maandazi alimpa jivu la kuchanganyia. Kazi yangu mimi ilikuwa kumwagilia.

Majani yalistawi ajabu. Bibi akaitangazia nyumba nzima kwamba Ramadhani hiyo tutafuturu kwa kachori za viazi vyake. Baada ya kutangaza, akaanza kulinda. Kila asubuhi alikagua udongo: hapa pamefukuliwa, hapa pana alama ya kidole. Nikamwambia labda ni kuku.

"Kuku gani ana vidole vitano?" akanijibu.

Basi nami nikaanza kuziona zile alama. Mpangaji akipita kwenda bafuni, mimi namhesabia hatua.

Siku ya kuvuna, baada ya alasiri, kiroba cha kwanza kilipinduliwa mbele ya watu wote. Mizizi. Cha pili, mizizi. Bibi alichambua ule udongo mpaka kucha zikajaa, asipate hata kiazi cha ukubwa wa gololi. Akanyanyuka, akajipangusa mikono, akasema taratibu, "Haya. Aliyekula kashiba." Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye jiko la maandazi. Nani mwingine alikuwa akiamka kabla ya watu wote na kubaki peke yake uani?

Hakumtuhumu kwa mdomo. Wanawake wa uani kwetu hawakugombana hivyo. Kesho yake alikwenda bombani amejifunga kanga mpya, imeandikwa "Kikulacho ki nguoni mwako", akachota maji polepole mpaka kila mtu akawa ameyasoma maneno. Mama wa maandazi aliyasoma. Na kwa kuwa hakuna kilichosemwa, hakuwa na cha kujibu. Siku iliyofuata naye akajifunga ya kwake: "Ya Mungu mengi".

"Umeona?" bibi akaninong'oneza. "Anakiri."

Andazi langu halikukatika, ila nilikatazwa kulipokea. "Anakuhonga huyo," bibi alisema. Niliumia sana, maana harufu yake ilitufuata hadi chumbani. Kabla ya Idi, yule mama alifunga vyombo vyake, akahamia Kigamboni. Bibi alikufa akiamini aliibiwa.

Mwaka huu nimepanda viazi kwenye ndoo, kibarazani kwangu. Majani tele, viazi hakuna. Nilikwishaanza kumkodolea macho dada wa kazi, ndipo shemeji yangu anayelima kule Mbeya akanicheka kwenye simu.

"Kiazi kinataka baridi, shem. Kwa joto la Bongo utavuna majani tu."

Nilikaa chini. Kumbe hapakuwa na mwizi, wala hapakuwa na cha kuibiwa.

Nikavuka kwa pantoni ya Magogoni hadi Kigamboni kumtafuta yule mama. Nilimkuta amezeeka, macho hafifu, amekaa mlangoni kwa mwanawe. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba, nikamweleza yote tangu mwanzo. Akanishika mkono.

"Kwa hiyo hukuvila wewe?"

"Mimi, mama?"

"Mi siku zote nilijua ni wewe, mwanangu. Njaa ya mtoto haina adabu. Nikaona nikijitetea sana, bibi yako atakugeukia wewe, na bakora yake naijua."

Nililia pale pale, wala sikuona haya.

Ule ua haupo tena. Pamesimama ghorofa la maduka, na bomba letu sijui liko chini ya duka gani. Nami nakaa ghorofani, mlango kwa mlango na watu nisiowajua majina. Nawashuku, wananishuku, tunasalimiana kwenye ngazi. Kitu kikipotea leo, wote wataniona mwizi. Lakini hayupo hata mmoja atakayeniona mwizi, kisha alibebe jina hilo yeye ili mimi nisichapwe.