Mkanda wa Madoa

Watu wa Litapunga walimjua Telesphor kuwa mtu wa maringo. Ukimsalimia njiani akapita bila kuitikia, ulisema moyoni, "Haya, mwenye bunduki kapita." Hakuna aliyefikiri kwamba hakuisikia salamu, na yeye mwenyewe alipendelea iwe hivyo. Heri aitwe mwenye maringo kuliko aitwe kiziwi.

Alikuwa na sababu yake. Baba yake, Mzee Baltazari, alianza kupoteza masikio alipovuka miaka arobaini, na Telesphor aliyaona yaliyofuata. Mzee aliyekuwa akiombwa ushauri akawa anasengenywa pale pale alipoketi, kana kwamba ni kigoda. Wawindaji wenzake waliacha kumpitia alfajiri. Watoto walimtukana kutoka nyuma, wakacheka, naye akigeuka na kuwaona wanacheka, alicheka nao. Kicheko kile cha baba yake ndicho kilichomuuma Telesphor kuliko yote.

Kwa hiyo, mwaka elfu moja mia tisa hamsini na tano, alipogundua kwamba jogoo wa nyumbani hawamwamshi tena, alifunga mdomo. Hakumwambia hata mkewe, Paskalia. Paskalia alikuwa ameshajua zamani. Mtu huwezi kupika, kulima na kulala na mume miaka ishirini usijue kwamba ukimwita kutoka jikoni haji.

Mwindaji asiyesikia ni mtu wa kurudi mikono mitupu. Kwale huruka nyuma yako wewe unaangalia mbele. Telesphor alikuwa karibu kulitundika gobore lake moja kwa moja, ndipo alipompata Madoa. Mzungu mmoja mpima ardhi, aliyewahi kumwajiri ambebee mfuko wa ndege, alikuwa na mbwa jike ambaye akinusa ndege hakimbii wala habweki. Husimama tu, mguu mmoja juu, pua mbele, mpaka bwana wake afike. Mzungu alipohamishwa, alimwachia Telesphor mtoto mmoja wa mbwa yule, mweupe mwenye madoa ya kahawia.

Telesphor alimfundisha kwa kamba ndefu na kwa subira ambayo wanawe hawakupata kuiona. Paskalia ndiye aliyechana kitambaa chekundu, akakishona kikamwenea mbwa shingoni. "Asikupotee kwenye nyasi," alisema.

Kitambaa kile kilimrudishia mwanamume yule maisha yake. Alitembea akikitazama tu. Wekundu ulikwenda huku na huku kati ya majani. Ukitulia, alijua kwale wapo pale, akaweka gobore tayari. Kiangazi kile nyumba yake ilinukia mchuzi wa ndege, na majirani waligawiwa. Wawindaji wakaanza kumpitia tena alfajiri. Telesphor alikuwa na furaha, naye hakuificha.

Lakini kitambaa si ngozi. Miiba ilikichana kikaisha, na mwezi wa tano mwaka hamsini na saba Telesphor alikwenda Mpanda, kwa Apolinari fundi viatu wa sokoni, kutafuta mkanda wa kudumu.

Apolinari alimwekea mikanda mitatu juu ya meza. Wa kwanza ulikuwa wa ngozi ya nyati, mpana, mzito, wa mbwa wa kupambana na nguruwe. Wa pili ulikuwa mwembamba, umeshonewa turubai nyekundu kuuzunguka. Wa tatu ulikuwa wa ngozi laini ya mbuzi, na chini yake inaning'inia kengele ndogo ya shaba.

"Huo wa nyati utamchosha shingo," alisema fundi, akimtazama usoni. "Chukua mwekundu. Nyasi za mwaka huu zimempita mtu."

Telesphor alikuwa ameshaushika ule mwekundu. Hakujua kwamba Hilari, mtani wake, amesimama nyuma yake na wenzake wawili, na kwamba amekwisha kumwita mara tatu. Alishtuka alipoguswa bega.

"Ee, mtani!" Hilari alipaza sauti, soko zima lisikie. "Nakuita mpaka koo linakauka! Au Mzee Baltazari alikuachia na masikio yake? Nyie, huyu mumzike mapema, hasikii hata kilio chake!"

Watu waliangua kicheko. Mtani hakasirikiwi, ana ruhusa hata ya kukutukania maiti. Telesphor naye akacheka, na katikati ya kicheko akakitambua. Kilikuwa kicheko cha baba yake.

Akauweka chini mkanda mwekundu. Akauchukua wa kengele, akautikisa mbele ya uso wa Hilari. "Huu ndio wa mbwa wa ndege," alisema. "Kengele ikilia, anatafuta. Ikinyamaza, amesimama. Mtu mwenye masikio hana haja ya kitambaa."

Apolinari alimtazama kidogo, akafunga mkanda kwenye gazeti. Mwenye kuchagua ni mteja.

Nyumbani, Paskalia aliushika mkanda, akaigusa kengele kwa kidole. Akasogea mbele ya mumewe ili aione midomo yake. "Baba Krispini, kengele hii ataisikia nani?"

"Utaisikia wewe, kama huna kazi," alijibu kwa ukali, akaenda kumvalisha mbwa.

Siku ya tatu aliondoka peke yake na Madoa, jua likichomoza, kuelekea bondeni. Nyasi zilikuwa zinamfikia kidevuni. Mbwa aliingia humo, na tangu hapo Telesphor hakumwona tena. Alisimama, akasubiri. Akapiga mluzi. Akazunguka kichuguu, akashuka mpaka kijitoni, akapanda, akapita tena pale pale. Jua lilipofika utosini alijipa moyo kwamba mbwa amechoka, amerudi nyumbani.

Alipofika hakumkuta. Alikuwa bado amesimama uani pale Josephina, jirani yao, alipopita na wenzake wenye mizigo ya nyasi za kuezekea.

"Leo umemfundisha kweli yule mbwa, shemeji!" Josephina alimwambia. "Kengele tumeisikia asubuhi nzima, mahali pamoja, pale karibu na kichuguu. Na wewe tumekuona unapita. Tukasema, leo hamwachii mpaka ashike somo."

Telesphor aliona midomo ikienda, akatabasamu. Kisha akamwona mkewe ametupa ungo chini, anakimbia.

Walimkuta Madoa hatua kumi kutoka kwenye kichuguu. Tanzi la waya, ambalo hakuna aliyejua ni la nani, lilikuwa limembana shingoni chini ya mkanda, na kila alipovuta lilizidi kukaza. Majani yalikuwa yamelala mviringo pale alipohangaika. Mwili ulikuwa bado una joto. Kwenye udongo laini wa njia, karibu kabisa, zilikuwepo alama za katambuga za Telesphor, zikienda. Na pembeni yake zilikuwepo tena, zikirudi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kwamba kifo chenyewe kinaweza kuwa cha asiye na kosa, aliyemwona bwana wake akipita mara mbili na kuondoka.

Telesphor alipiga magoti. Alilegeza waya, akaufungua mkanda, akaisogeza kengele kwenye sikio la kulia, akaitikisa. Akaipeleka kwenye la kushoto, akaitikisa kwa nguvu, mpaka wanawake waliokuwa wamewafuata wakageuza nyuso zao pembeni. Machozi yalimtoka, asiyafute.

"Sisikii," alisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Mama Krispini, mimi sisikii."

"Najua," alisema Paskalia, aliyekuwa amesimama nyuma yake.

Hakugeuka. Ilibidi mkewe azunguke, achuchumae mbele yake upande wa pili wa mbwa, aseme tena.