Mbuzi wa Mwisho wa Papa Anselme

"Samaki haina miguu!" Papa Anselme alipiga meza mpaka vikombe vikaruka. "Nilisema mbuzi. Mbuzi! Hii kitu munaniletea ni nini?"

Alikuwa samaki kapiteni, yaani sangara, aliyekaushwa kwa moshi, mrefu kama mtoto wa darasa la kwanza, amelazwa ndani ya beseni juu ya kitambaa cheupe. Watu wa Élie, kijana mchumba, wavuvi wa pale kwenye maporomoko, walikuwa wamekwisha kuleta mbuzi wote wa mahari isipokuwa mmoja. Huyo wa mwisho walishindwa kumpata, basi wakaleta samaki. Kwao, samaki wa namna ile unampa mtu unayemheshimu sana. Kwa Papa Anselme, mtu wa Lubero, kule milimani, muuzaji wa maharagi kwa jumla, ilikuwa kama kutemewa mate.

"Mbuzi inapanda mulima," akasema. "Samaki itapanda wapi?"

"Na mulima yenyewe iko wapi hapa Kisangani, Anselme?" nikamuuliza.

Mimi ni jirani yao tu. Siku ile nilikuwa shahidi wa upande wa Plamedie, binti yao, kwa sababu Colette, mama yake, ni mpole, na katika mambo ya mahari lazima awepo mtu mmoja asiye mpole.

Swali langu lilimchoma. Tangu ashuke kutoka Kivu, akiwa kijana mwenye gunia moja la vitunguu, Anselme hajaacha kuulaumu mji huu. Umelala chini kama mlevi, anasema. Viazi vyetu ni maji matupu. Joto letu linaozesha akili. Nyuma ya mlango wa magazini yake, lile duka la maharagi, limetundikwa koti la sufu, na kila Jumapili analivaa kwenda misa. Somo la kwanza halijaisha, jasho limeshafika kwenye viatu. Tena kuna yale maziwa mawili ya juu ya kijiji chao, moja la kijani, moja jeusi. Ukinunua gunia la maharagi kwake, hadithi ya maziwa yale unapewa kama matabisi, nyongeza ya bure, upende usipende.

"Kwetu," akamgeukia Élie, "mukwe anapandisha mbuzi yeye mwenyewe mpaka kwenye maziwa, baba ya binti anamuangalia, na magaribi wamerudi. Pale ndiyo unajua kama ni mwanaume. Wewe yule wa samaki, utatembea na mimi siku moja. Kuna kilima kwenye barabara ya Buta, kiriya wangu mmoja, mununuzi wa maharagi, ameniambia iko na maziwa mbili juu. Ukilalamika, unaleta mbuzi. Ukichoka, unaleta mbuzi. Ukitembea vizuri, nitafikiri. Mpaka hapo, Plamedie hatoki kwangu."

Plamedie alikuwa amesimama mlangoni. Gauni la arusi lilikuwa limekwisha kushonwa, liko kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati, linaanza kushika harufu ya dawa ya mende. Alimtazama Élie, na Élie akasema, "Ndiyo, papa."

Jumamosi alfajiri Anselme alitoka na koti lake, buti za mpira na fimbo, kama mtu anayekwenda kupigana na theluji. Élie alivaa kandambili, nami shahidi nikawafuata. Tukapanda toleka, zile teksi za baiskeli, kila mmoja nyuma ya yake, tukavuka daraja la Tshopo, kisha tukashuka, tukaanza kutembea.

Kilima? Nimeshawahi kubeba beseni la mihogo kwenye ngazi ndefu kuliko kile kilima. Lakini Anselme alisimama mara nyingi, eti anatazama miti. Alikuwa anavuta pumzi kama injini ya mtumbwi iliyoingia maji. Élie alikuwa anasimama naye, anatazama miti vilevile, kwa adabu. Huko juu tukayakuta maziwa. Yalikuwa mashimo mawili ambamo zamani walichimba mawe ya barabara, mvua ikayajaza. La kwanza lilikuwa na vyura. La pili lilikuwa na mihogo, akina mama wameiloweka ili watengeneze mikate ya chikwange, na harufu yake ikatupokea kabla hatujafika.

Anselme alisogea karibu, akanyoosha mguu.

"Papa, usitie buti mule!" mama mmoja akapiga kelele. "Hiyo ni chikwange ya kesho!"

Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Ndipo hasira ikamvaa. Akakataa kurudi kwa njia tuliyopandia.

"Mutu wa mulima anafuata maji," akasema, akionyesha kijito kilichotoka chini ya mashimo. "Maji inashuka, inafika kwa watu. Hata mutoto anajua."

"Papa," Élie akasema polepole, "huku kwetu maji haina haraka. Inashuka kidogo, kisha inalala."

"Wewe unajua samaki. Mimi najua milima."

Bon, haya. Tukafuata maji. Nayo yakashuka kidogo, yakaingia kwenye kinamasi cha miti ya mirafia, yakalala. Anselme, aliyekuwa mbele, alipiga hatua mbili za kishujaa akazama mpaka mapajani. Akijivuta, anazama zaidi. Lile koti likanywa maji ya Tshopo kufidia miaka yote ambayo lilikuwa likiyadharau.

"Élie!" akalia. "Élie!"

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitaja jina la kijana yule.

Élie alivua kandambili, akaingia akipapasa chini kwa vidole vya miguu, namna wavuvi wanavyopita kwenye mawe ya maporomoko. "Usipigane na matope, papa. Lala juu yangu. Lala tu." Akamtoa. Buti zikabaki, na hakuna aliyezitamani. Lakini nyayo za Anselme, zilizolelewa miaka mingi nyuma ya meza ya magazini, hazikuweza kukanyaga mwiba hata mmoja. Élie akainama, akamtupa mabegani, mikono upande huu, miguu upande ule, akaanza kupanda.

Tulipopita tena kwenye mashimo, yule mama wa chikwange akauliza, "Hii mbuzi munauza bei gani?"

"Stéphanie," Anselme akaninong'oneza, kichwa chini, "wewe hujaona kitu."

"Mimi ni shahidi, Anselme. Kazi yangu ni kuona."

Nyumbani Élie alimtua kwenye kiti, taratibu, kama mtu anayetua mayai. Colette alileta maji ya kuosha miguu. Plamedie alisimama palepale mlangoni. Kijana hakujisifu. Alisema tu, "Papa, ile mbuzi nitaitafuta. Munipe mwezi."

Anselme akatia vidole vyake vilivyojaa matope ndani ya maji.

"Mbuzi gani?"

"Ile ya mwisho, papa."

"Imeshafika. Umeibeba wewe mwenyewe." Akanigeukia kwa uchungu. "Shahidi ameiona, si ndiyo?"

"Nimeiona," nikasema. "Ilivaa koti."

Plamedie akaziba mdomo kwa ncha ya kikwembe alichojifunga, mabega yanatikisika. Anselme akamwambia Colette ashushe yule kapiteni aliyetundikwa jikoni, ampike na mawese, mzima. Chakula kilipofika, hakumwangalia mtu yeyote. Alikivunja kichwa cha samaki na kukisukuma kwenye sahani ya Élie.

"Kula, bokilo, mukwe wangu. Kubeba watu iko kazi muzito."