Nusu ya Mutumbwi Haielei

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kiangazi kilichopita, tukitayarisha arusi ya kijana wangu hapa Baraka. Watu wa bibi-arusi, koo tatu, walikuwa watoke Lweba kwa njia ya ziwa, na kwetu kila ukoo unapanda mitumbwi yake na ngoma yake. Ukiwachanganya, umetafuta matata.

Neema, binti wa mudogo wangu, anasoma mambo ya ordinateur, ile kompyuta, kule Bukavu. Alipanga hesabu ya watu wa kila ukoo kwa mstari mmoja, mashine ikagawanya kwa nafasi za mutumbwi mumoja. Ukoo wa kwanza ulitoa mbili na kitu kidogo, wa pili moja na nusu, wa tatu moja na kitu kidogo. Kisha akaiamuru ipandishe kila namba ya mstari mpaka namba nzima ya juu yake: tatu, mbili, mbili.

"Saba?" nikafoka. "Mi naendesha mutumbwi tangu sijaota ndevu! Jumlisha vipande, tano inatosha."

"Papa mukubwa, vipande vya koo tatu utavifunga na kamba? Nusu ya mutumbwi haielei."

Bamama waliokuwa wakitwanga sombe, majani ya mihogo, wakacheka mpaka michi ikasimama. Sikukubali, mimi si mutu wa kukubali haraka. Nikasema, "Basi ule ukoo wa kwanza, kale kadogo kabanane na wengine."

"Kale kadogo ni senge wa bibi-arusi."

Basi nikaagiza saba. Senge ndiye shangazi anayemushika bibi-arusi mukono na kumukabizi. Ile miwili ikijaa naye akabaki Lweba, hakuna arusi, tungekula sombe yetu tukitazamana.

Ikaja mitumbwi saba. Wa senge ulikuwa karibu mutupu, amekaa katikati kama mwami, mutawala wetu, anapiga ngoma na vigelegele. Maneno yangu yalishamufikia, akaita: "Iko wapi ule mwanaume alisema mi nibanane?" Nikajificha nyuma ya shemeji yangu, na ufuo wote ukacheka.

Mwanangu, masomo yangu yaliishia darasa la pili, na mashua yangu nimeinunua kwa jasho, sina haya. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kweli, lakini walisema juu ya unga. Unga jumlisha vipande vyake kwanza. Watu pandisha kila hesabu yao mahali pake, ndipo ujumlishe, na mashine uiamuru hivyohivyo, maana yenyewe haimujui senge wa mutu. Mungu akupe akili nyepesi na nyumba yenye vicheko, na wageni wako wafike wote.