Tusekile, Mke wa Msomi

Jirani yangu hapa Mlandege, Iringa, ninakoishi sasa, baba Philbert, mtoto wake amepata nafasi ya kwenda kusoma Bara Hindi. Tangu Jumapili hanipi nafasi ya kupumua. "Mama Yudith, nyie mlimpeleka mtoto Uingereza, akarudi mzima. Mzazi amsaidieje mtoto wa namna hiyo?" Nimemwambia ampe blanketi na amwombee. Yaliyobaki siwezi kuyasema mbele ya mtu ambaye bado ananiamkia kwa heshima. Nayasema hapa, na anayetaka kunihukumu anihukumu, sitamzuia.

Mtoto mwenyewe ni Lutengano, wa kaka yangu Yotamu, huko kwetu Tukuyu. Mama yake alimwacha hajaota meno. Mimi nilikuwa mjane nimerudi kwa kaka, nikamlea kwa mikono hii. Mwaka wa hamsini na nne wamisheni wakampatia nafasi ya kusoma Uingereza miaka mitano. Kaka akauza kahawa ya msimu mzima, akamnunulia koti na sanduku, akampandisha basi la Iringa ili akashike treni Dodoma. Basi lilipokata kona, kaka alikaa chini kwenye vumbi, mzee wa kanisa, na suruali yake ya Jumapili.

"Yudith," akaniambia, "huyu harudi. Huko atapata mwanamke, atusahau. Lazima tumfungie kamba nyumbani."

Kamba yenyewe ilikuwa mtoto wa watu. Mwezi haukuisha, kaka akapeleka ng'ombe sita kwa Ezekia wa ng'ambo ya mto, akamposea mwanawe mke. Mchungaji alikataa kufungisha ndoa ya bwana asiyekuwepo. Kaka akasema ng'ombe ni ndoa ya kutosha, hata baba yetu hakuoa kwa cheti. Mimi ndiye niliyekwenda kumchukua binti. Aliitwa Tusekile, miaka kumi na sita, mrefu, mwepesi wa kucheka. Njiani akaniuliza, "Shangazi, mume wangu ni mweusi au ni maji ya kunde?" Hakuwa amewahi kumwona.

Sasa, asiyetoka kwetu hawezi kuelewa mambo haya bila kuelezwa. Kwetu mke wa mwana hamtazami baba mkwe. Hapiti njia yake, hatamki jina lake, hasemi naye neno. Akisikia anakuja, anajitupa migombani na kujifunika kanga usoni mpaka mzee apite. Akivunja mwiko huo watu husema tumbo lake litakauka, na wazee humhesabu kuwa amemkosea mzee mbele za watu. Kwa hiyo kwa miaka mitano kaka yangu hakuuona uso wa yule binti hata siku moja. Alichotaka afanye aliniambia mimi, nami nikampelekea. Ni rahisi mno kumtesa mtu usiyemwona uso, na mimi niliyemwona sina hata kisingizio hicho.

Tulimwandikia Lutengano kwamba tumempatia mke. Akajibu ukurasa mzima juu ya baridi na masomo, mwishoni akaandika, "Mnisalimie huyo binti." Ni hilo tu. Tusekile aliniomba nimsomee mstari huo mpaka nikachoka, maana yeye shule hakuiona. Alilima kahawa ya kaka mvua na jua, na kahawa hiyo ndiyo iliyomnunulia msomi vitabu na viatu. Alikuwa akisema analima shamba la mumewe. Sikumcheka. Mwaka ule nilikuwa bado ninampenda.

Mwezi wa Machi, mwaka wa hamsini na saba, ikaja barua nyingine. Kaka hakujua kusoma, nyimbo za kanisani alizijua kwa moyo tu, kwa hiyo barua zote nilimsomea mimi. Tulikaa wawili chumbani kwake. Lutengano aliandika hivi: "Baba, nimempata mchumba mwenyewe, anasomea uuguzi, anatoka Bukoba. Huyo binti mwambieni yuko huru. Asipoteze ujana wake kwa ajili yangu."

"Rudia," kaka akasema.

Nikarudia. Akaniuliza kama kuna mwingine aliyeiona. Nikasema hakuna.

"Basi sikiliza. Kwetu mume akimkataa mke, ng'ombe wamekwenda. Mke akiondoka kwa miguu yake, baba yake anawarudisha. Lutengano akirudi atataka nyumba ya bati, msomi hawezi kulala kwenye majani. Bati litatoka wapi kama si kwa ng'ombe wale? Huyu binti aondoke mwenyewe."

"Na asipoondoka?"

"Wewe ni mwanamke. Unajua namna."

Ndiyo, nilijua. Barua nikaitia motoni jikoni siku ileile. Nikamtoa Tusekile chumba cha ndani, nikamlaza kwenye kibanda cha kupikia pamoja na kuku. Nikampa shamba la juu kabisa mlimani, mwendo wa saa nzima na jembe begani. Akirudi anakuta sufuria limekwanguliwa. Nikamwambia mbele ya wanawake kisimani, "Wenzako wana watoto wawili wawili, wewe una nini?" Nilimwambia hivyo mtu ambaye hajawahi kuguswa na mume, tena nikijua ninachokijua. Wanawake wakacheka. Yeye akajitwisha ndoo akasema, "Nitamsubiri, shangazi. Amebakiza miaka miwili." Nilimchukia kwa jibu hilo. Mtu ukishamtendea ubaya, uvumilivu wake unakukera kuliko matusi.

Mwezi wa sita akaja Saulo, fundi mwashi aliyekuwa anajenga kanisa letu, mgane, mtu wa watu. Alikuwa amemwona Tusekile akipeleka maji pale ujenzini. Akanivulia kofia, akasema, "Shangazi, nimeambiwa huyu binti ana mume asiyeonekana. Kama yuko huru, nitamposa kwa heshima zote. Kama ni mke wa mtu, niambie nijue."

Laiti ningesema yuko huru. Neno moja. Lakini kusema hivyo ni kukiri kwamba sisi ndio tuliomwacha, na ng'ombe wamekwenda. Nikamwambia, "Ana mume. Ila wewe ni mwanamume, na shamba hili halina mlinzi. Ukimchukua usiku hakuna atakayekufuata." Nilitaka atoroshwe, mnaelewa? Akitoroshwa kosa ni lake.

Saulo alinitazama nikaona haya hata kwa umri wangu. Akavaa kofia yake. "Mimi siibi wake za watu, mama," akasema, na kanisa lilipokwisha akahamia Nyololo, akaoa huko. Tusekile alituona tukizungumza. Jioni akaniuliza, bila kunitazama, fundi alitaka nini. Nikamwambia alikuja kuazima koleo. Akaendelea kuchambua mboga, na mboga zile alizichambua mara mbili.

Lutengano akarudi Julai ya mwaka huu, hamsini na tisa. Kaka alichinja, akaalika kijiji chote. Wanaume wamekaa uwanjani na pombe ya ulezi, wanawake nyuma ya nyumba. Tusekile alikuwa ameshona gauni jipya, amejipaka mafuta, ameketi nami karibu na mlango, kanga kichwani tayari kujifunika. Lutengano akaja nyuma kutusalimia. Alinikumbatia, akawashika mikono wanawake mmoja mmoja. Alipofika kwa Tusekile, mmoja wao akamwambia kwa kicheko, "Na huyu je, mkeo, humtambui?"

Kijana alishtuka kweli. "Mke wangu? Lakini mimi niliandika. Miaka miwili iliyopita niliandika kwamba yuko huru. Shangazi, barua haikufika?"

Tusekile akanigeukia.

"Ilifika, shangazi?"

Wanawake wote walikuwa wananitazama. Nikasema ilifika.

"Lini?"

"Mwezi wa tatu."

Akahesabu. Nilimwona akihesabu. "Fundi alikuja mwezi wa sita," akasema. "Nilikuwa huru." Hakupiga kelele. Alivua kanga kichwani, akaiweka chini, akazunguka nyumba mpaka uwanjani walikokaa wanaume, uso mtupu. Akasimama mbele ya kaka yangu.

"Yotamu," akamwita, kwa jina, mbele ya wazee. "Mimi ndiye niliyekulimia miaka mitano. Nitazame."

Kaka hakumtazama. Alivuta kofia akajifunika uso, na hakuna mwanamume aliyenyanyua kikombe. Yule binti alisubiri. Halafu akakata njia kuelekea mtoni, kwa baba yake, na gauni lake jipya. Ndipo kaka, bado amejifunika, akasema kwa sauti ya kusikika: "Ndugu zangu, mmeona wenyewe. Amevunja mwiko, na ameondoka kwa miguu yake."

Siku ya tatu Lutengano alikwenda zake Dar es Salaam, kazi ilikuwa inamngoja. Alisema mambo ya ng'ombe ni ya wazee. Wiki iliyofuata kaka akamshitaki Ezekia kwenye baraza la chifu. Tusekile alikuja na baba yake, akasimama nyuma. Ezekia akasema mume alimkataa binti kwa barua. Wazee wakaitaka barua, haipo. Wakasema maneno ya sherehe si ushahidi, watu walikuwa na pombe. Wakaniita mimi, kwa kuwa ndiye niliyekaa na binti nyumba moja, wakaniuliza mbele yake: alifukuzwa, au aliondoka mwenyewe?

Nikasema aliondoka mwenyewe.