Mguu Walioufuta kwenye Sinema

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyosimama katikati ya banda la video pale Tunduma nikafoka mbele ya watu. Nilikuwa na haki ya kufoka. Hilo nakuambia mapema, usije ukadhani uzee umenifanya niwasamehe waliotengeneza ile sinema. Sijawasamehe. Lakini siku hiyohiyo, kwa kinywa hikihiki, nilimuumiza rafiki yangu kuliko walivyomuumiza wao.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, na sinema za Kiswahili za kwenye kanda zilikuwa zimeanza kutufikia kutoka Dar es Salaam. Mimi nilikuwa fundi cherehani mjini. Rafiki yangu Anyesi alibaki kijijini kwetu Ruanda, akisaidiana na wazazi wake kwenye kahawa. Mguu wake wa kushoto ulipooza kwa polio akiwa mdogo. Alitembea akichechemea, na njia nzima ya kwenda shule watoto walimfuata nyuma wakimwiga. Wengine tulimwambia awapuuze. Ni rahisi kusema. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Tulipokuwa darasa la sita, mwalimu wetu alituazima riwaya moja iliyochakaa, ya nchi ambayo haipo duniani. Katika nchi hiyo kulikuwa na mto wenye mawe yanayosikia. Majeshi yalijaribu kuuvuka kwenda kuirudisha mvua iliyoibwa, na mawe yakayameza, kwa sababu nyayo zao zote zililia namna moja. Ndipo akaja msichana anayechechemea. Hatua zake, moja nzito na moja nyepesi, ndizo ambazo mawe yalikuwa yakizingoja tangu zamani. Yakamfungulia njia.

Sasa fikiri, mwanangu, Anyesi alivyokisoma kitabu hicho. Alikihifadhi chote kichwani. Ungemkuta anageuza kahawa kwenye kichanja huku anasema ukurasa mzima bila kukosea, na akifika kwenye mto anasimama kidogo, anatabasamu peke yake.

Basi nilipoona ubao nje ya banda umeandikwa kwa chaki kwamba saa nane mchana itaonyeshwa sinema ya kitabu kile, nilimtumia ujumbe kwa kondakta, aje. Akaja amevaa gauni nililomshonea mwenyewe. Tukakaa benchi la mbele, amenishika mkono.

Sinema ikaanza, wakamleta msichana wao. Miguu yote miwili mizima, viatu virefu, nywele za bandia. Nikajisemea labda ataumia mbele ya safari. Wapi! Alipofika mtoni, tajiri mmoja akatokea na pikapu, wakapita darajani wanacheka. Daraja, mwanangu! Kama daraja lilikuwepo, majeshi yalimezwa kwa nini? Mawe hayakuonekana kabisa. Mvua yenyewe ikasahauliwa, ikawa habari ya harusi.

Halafu wakamleta mchawi, kikongwe asiyekuwemo kitabuni, na mguu wa yule msichana wakampa yeye. Kila alipochechemea, walipiga muziki wa kuchekesha, na banda zima likacheka. Mkono wa Anyesi ukatoka mkononi mwangu.

Nikasimama mbele ya televisheni.

"Kitabu hakiko hivi," nikafoka. "Hawa wamewadanganya."

"Dada, kaa chini," akasema kijana mmoja nyuma. "Pilipili usiyoila yakuwashia nini?"

Hapo ndipo nilipopotea. Nikamnyooshea kidole Anyesi. "Mtazameni huyu. Anachechemea, na ndiye msichana wa kitabuni. Simama, Anyesi, tembea wakuone."

Vichwa vyote vikamgeukia. Mzee Shabani, mwenye banda, akazima deki. Anyesi akainuka, akatoka polepole, na katika ule ukimya kila mtu alisikia mguu wake ukiburuta kwenye sakafu.

Nilimkuta nje, kando ya foleni ya malori yanayongoja kuvuka mpaka kwenda Nakonde. Hakuwa analia.

"Wale walimcheka mchawi," akaniambia. "Hawakujua kama nipo. Wewe ndiye uliyewaonyesha."

"Nilikuwa nakutetea."

"Ulikitetea kitabu. Mimi ulinitumia kama fimbo."

Akapanda gari akarudi Ruanda. Wiki tatu sikuweza kwenda. Nilijiambia kosa ni la wale wa sinema, na kweli walikuwa na kosa, ila nililifanya pazia la kufichia langu. Hatimaye nilikwenda. Nilimkuta kwenye kichanja, nikapiga goti mbele ya mama yake, nikamwomba Anyesi radhi bila kuitaja sinema hata mara moja. Anyesi akaendelea kuchambua punje mbovu. Kisha akasema, "Shika upande huo, tuifunike hii kahawa kabla mvua haijaja."

Baada ya mavuno alikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, akaomba awasomee watoto kila Ijumaa. Hakuniuliza, wala hakunihitaji. Aliwasomea kitabu kizima kutoka kichwani, na siku ya mto akatembea mbele yao kwa hiari yake ili wasikie hatua zake. Sikuambii kwamba tangu hapo hakuna mtoto aliyeiga mwendo wa mtu. Watoto ni watoto. Na ile kanda iliendelea kuonyeshwa Tunduma, watu wakaipenda, jambo linaloniudhi hadi leo. Jino la pembe si dawa ya pengo, ila wengi hawajui kama pengo lipo.

Kwa hiyo, mwanangu, wakichukua kitu ulichokipenda wakakiharibu, kasirika. Asiyekasirika hakupenda. Sema wazi palipoharibiwa, na useme kwa nini. Lakini kidonda cha mwenzako si ushahidi wako. Ni chake, naye ndiye wa kuamua akionyeshe lini na kwa nani. Kabla hujasema kwa niaba yake, muulize. Akikataa, funga mdomo, hata kama ukweli unakuchoma ulimi.

Mungu akupe macho ya kuutambua uongo uliopambwa, na akupe ulimi wa kuukemea bila kumvua mtu nguo.